Kamba Isiyo na Mnunuzi

Pampu namba mbili haikufa kwa kelele.
Iliguna mara moja, kama mtu aliyeitwa usingizini,
mshale wa ampea ukapanda, ukapanda,
swichi ikajikata,
na shimoni maji machafu ya Ngamiani nzima
yakaanza kuhesabu ngazi.

Saa tisa usiku. Semhando kaibana tochi kwa meno.
Nikafungua bolti saba; ya nane, kutu tupu,
tukaibembeleza kwa nyundo.
Kifuniko kilipobanduka tukaiona mapangani,
nene kama paja la mtoto, imesokotwa ikasokoteka:
kamba.

Wala hakuna aliyetupa kamba.
Watu walitupa vidogo vidogo:
soksi moja ya shule,
nepi ya shuka kuukuu,
dasta la mama ntilie wa Barabara ya Kumi na Mbili,
vikorokoro vya chini ya cherehani.
Kila mtu na chake, akavuta maji, akasema: kimekwenda.

Hakiendi.
Kinangoja wenzake.
Kule gizani uzi humtafuta uzi,
panga likazungusha, likakaza,
likazungusha tena.

Baba alisokota kamba kiwandani miaka ishirini na mitatu,
mkonge wa Muheza, vidole vyote nyufa.
Alikuwa akiniambia, Mwanakombo,
uzi mmoja hukatika kwa meno,
kumi hufunga meli.
Hakujua anausema mtaro.

Nikakata kwa kisu cha samaki, Semhando akivuta,
ganda baada ya ganda, kama kitunguu,
na machozi yakatoka kweli, ila ya harufu.
Kiini chake kilikuwa kipande cha kanga,
zambarau yake bado inang'ang'ania,
na maneno yamekatika katikati:
NILIDHANI UME

Umenisamehe? Umehama? Umeshiba?
Umelewa, akasema Semhando,
tukacheka mpaka tukakohoa.

Alfajiri pampu ikakubali.
Maji yakashuka ngazi moja moja, kwa shingo upande.
Nikakiosha kile kipande kwa sabuni ya mche,
nikakianika kwenye reli, upepo wa Raskazone ukakikausha,
nikafutia grisi mikononi.

Kisha nikatafuta pa kukitupa.
Nimesimama nacho mpaka sasa.