Juni Thelathini na Moja

Kalenda elfu mbili za chama cha akiba cha Masaka
zimefungwa kamba, zimepangwa mlangoni,
ndipo kijana wa bodaboda aliyetumwa kuzibeba
akasoma kwa kidole, akacheka:
"Nyie, Juni ina siku thelathini na moja?"

Mashine ikanyamaza. Barabara ya Nasser yote,
nilihisi, ikanyamaza nayo.

Ssekajja alipanga tarehe. Alisema: nilijua Achiro atakagua.
Achiro alikagua. Alisema: mimi nilitazama rangi.
Tumwekwase alitia sahihi huku simu iko sikioni.
Na mimi nilikata kingo, rundo kwa rundo,
siku isiyokuwepo ikapita chini ya kisu changu
nikaiona,
nikameza mate. Juzi niliposema neno
niliambiwa: wewe kata tu.

Ukutani kuna bango tulilochapa wenyewe, UMOJA NI NGUVU.
Limekaa upande tangu Pasaka. Kila mmoja
anamngoja mwenzake alinyooshe.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo tulivyofunzwa.
Hatukuambiwa habari za vidole kumi
vinavyopeana heshima, tangulia wewe, hapana, wewe,
na chawa katikati akijinyoosha.

Saa nne usiku tulikaa sakafuni, juu ya vipande vya karatasi,
wanne, na stika nyeupe ndogo kama punje za mchele.
Hakuna aliyeomba radhi.
Ssekajja alitoka akarudi na roleksi nne,
moja haina nyanya. Sikujua kwamba anajua.
Achiro alihesabu kwa sauti, kwa Kiacholi; tukamfuata
tukipotea kila baada ya kumi.
Tumwekwase, bosi, alibandika polepole kuliko wote,
na hakuna aliyethubutu kucheka
mpaka alipojicheka mwenyewe.

Alfajiri tulikuwa tumeiziba siku ile mara elfu mbili.
Ukiinua kalenda kwenye mwanga
bado inaonekana.

Niliiba moja ambayo haikubandikwa. Iko kwangu Katwe,
jikoni, juu ya masufuria.

Leo Achiro ameniletea kadi za harusi, za haraka,
mteja anasubiri nje na injini inaunguruma.
Nimeinua kisu. Nimekishusha bila kukata.
"Jina la bwana harusi," nikamwuliza, "lina S moja au mbili?"
Akakunja uso. Akaniangalia kama mtu anayedaiwa.
Akaenda kuuliza.