Nusu ya Safari

Mashine huandika 02:14.
Sisi husema saa nane na dakika kumi na nne,
usiku, Mufindi, ukungu umeingia hadi chumba cha kunyausha majani.
Kati ya saa yao na saa yetu kuna saa sita nzima
na hizo hazijawahi kumfukuza mtu kazi.
Kilichomfukuza Kihwele
ni vipande kumi na tisa vya sekunde iliyokatwa mara elfu.

Ripoti ilikuwa karatasi moja.
Mlango wa kikaushio: nukta tatu moja mbili.
Feni kubwa: nukta tatu tatu moja.
Mlango kwanza, feni baadaye,
kwa hiyo aliufungua hewa ya moto ikiwa ndani,
kwa hiyo kilo mia nane za chai zimeungua,
kwa hiyo weka saini hapa.

Akasema, "Feni ndiyo iliyokata pumzi. Mlango ukafyatuka wenyewe.
Mimi nilikuwa nimeshika kikombe."
Meneja akamgeuzia skrini aone.
Nani atabishana na tarakimu
kwa kikombe cha chai ya rangi?

Zile saa nilizipanga mimi.
Juu ya bati la ofisi kuna antena nyeupe kama bakuli lililofunikwa,
inasikiliza satelaiti, inailisha saa kuu,
na saa kuu huwagawia wengine: boila, mizani, vikaushio vitatu.
Haiwezi kuwaambia tu "ni sasa",
maana neno "sasa" likifika limeshachacha.
Basi kila saa ndogo huuliza, hungoja jibu,
hupima safari nzima, kwenda na kurudi,
huikata katikati
na kuamini kuwa nusu hiyo ndiyo umri wa neno.

Nilifundishwa hivyo chuoni, Mbeya. Nikafaulu.

Na nimekulia Igowole! Ningepaswa kujua.
Lori la mbolea kutoka Nyololo, masika, huzama hadi ekseli,
watu wanakata matawi, wanasukuma, wanatukana.
Likirudi tupu linaruka mashimo likipiga honi.
Jumlisha, gawa kwa mbili:
utapata safari ambayo hakuna dereva aliyewahi kuisafiri.

Wiki ya pili niliufuata waya kwa mkono,
Atupakisye, mwanagenzi wetu, akinimulikia tochi.
Nyuma ya boila, chini ya unga wa magome,
tukakuta swichi kuukuu, taa yake moja ikipepesa.
Haimo kwenye mchoro. Mchoro niliuchora mimi.
Ujumbe wa kwenda ulipita humo,
ukapanga foleni nyuma ya picha za kamera ya getini.
Wa kurudi ulipita waya mpya, mikono mitupu, mbio.

Tisini kwenda. Kumi kurudi.
"Mia," akasema Atupakisye, "nusu yake hamsini."
Akanyamaza. Boila ikakohoa.
"Dada, saa ya mlango iko nyuma kwa arobaini."

Akaandika kiganjani kwa kalamu ya wino:
tatu moja mbili, na arobaini. Tatu tano mbili.
Feni ilikufa kwanza,
kisha mlango, vipande ishirini na kimoja baadaye,
na Kihwele yupo pale na kikombe chake,
yuko sahihi kuliko antena yangu.

Meneja aliisoma hesabu mara mbili. "Rekebisha," akasema.
Nilirekebisha. Ilichukua asubuhi moja.
Barua niliiandika mwenyewe, nikampa kondakta wa basi la Makambako,
huko ambako, tulisikia, Kihwele anapima viazi sokoni.
Nafasi yake ilikuwa na kijana mwingine tayari,
mwenye adabu, asiyeshika kikombe kazini.

Jibu lilikuja kwa simu, usiku uleule alioipokea barua:
"Nimeisoma. Mizani ya huku haina saa."

Siku ishirini na tatu kwenda.
Kurudi, pumzi moja.
Sikugawa kwa mbili.