Toleo la Tisa

Kamongo alizaliwa usiku, mwaka sabini na nne,
kwenye mashine ya sairostaili ya chama cha ushirika cha pamba
ambayo Lubasha, karani wa mizani, aliiazima bila kuomba.
Nakala mia mbili. Bei, thumuni.
Wino ulichafua vidole vya wanunuzi hadi Kirumba,
na mwalimu mmoja wa Igogo akawajua watoro wake
kwa kuwatazama viganja.

Uwezo wake ulikuwa mmoja tu: kiangazi hakikumuua.
Hakuruka. Hakutoa moto machoni.
Ziwa likimtupa alijizika topeni, akakunja magoti,
akasubiri miaka kama wengine wasubirivyo kivuko cha Kamanga,
na mvua ya kwanza ikimgusa utosi,
ole wao!

Lubasha alichora. Maneno aliyaandika mama yangu, Kwandu,
kwa mwandiko wa barua za posa,
ndani ya vipovu alivyovizungushia kizibo cha soda.
Toleo la pili, Kamongo anawafukuza wezi wa nyavu.
La nne, anabeba Jiwe la Bismarck begani,
analihamisha, kisha analirudisha
kwa kuwa wapigapicha wamelalamika.
Baada ya la sita alikuja ofisa, akauliza kwa upole
mbona shujaa hana kadi ya chama.
Litazame la saba: ameongezewa shati lenye mfuko,
mtu ambaye siku zote huogelea kifua wazi.

La nane linaishia kanaswa, kokoro limemkaza shingo
ng'ambo ya Ukerewe, na chini: ITAENDELEA.
La kumi linaanza yuko Musoma, anakunywa chai,
ana kovu.

Watu wazima wamenuniana kwa ajili ya pengo hilo.
Mzee Vithaldas, aliyetuuzia karatasi, aliapa halikuchapwa.
Wauza karanga wa sokoni walicheka tu.

Halafu karatasi ikaenda vitani pamoja na vijana.
Kamongo akajizika. Hakuna aliyetangaza.
Lubasha alirudi kwenye mizani, akapima marobota,
akafia Bugando mwaka themanini na sita,
penseli sikioni, muuguzi hakujua aitoe au aiache.

Tisini na mbili walimfufua watu wenye kampuni:
jalada la rangi, misuli kama mikate, meno meupe,
upanga wa umeme wa kufyekea magugu maji.
Kirumba walimkataa siku hiyo hiyo.
"Huyu si kamongo. Huyu ni sangara:
kaletwa, kanenepa, kawala wenzake."
Matoleo matatu, akazama.

Mwaka jana, Mitimirefu, chini ya sanduku la Majebele fundi saa,
nimelipata la tisa.
Kurasa kumi na mbili, vipovu vyote vitupu.
Kokoro linakaza, kinywa kinafunguka,
kipovu kinapanda juu ya maji, na ndani yake hamna neno.
Nikatazama mwezi. Ndio niliozaliwa mimi.
Lubasha hakumngoja mama, wala hakutafuta mkono mwingine.
Alichapa hivyo hivyo, akauza hivyo hivyo. Thumuni.

Tangu hapo nimeona nakala mbili zaidi.
Ya Nansio imejazwa kwa wino mwekundu, neno moja kila ukurasa:
Bado. Bado. Bado.
Ya Nyegezi ilijazwa na mtoto.
Kamongo, shingo imebanwa, anasema: Nina njaa.
Kokoro, ambalo mtoto amelichorea kipovu chake, linajibu:
Hata mimi.

Ile tupu nilimpelekea mama. Macho yake sasa ni ya kubahatisha.
Aliisogeza dirishani, akapitisha kidole polepole
juu ya duara moja, la pili, la tatu.
"Hivi si vyangu," alisema.
"Kavizungusha mwenyewe, kwa mkono. Ona vilivyopinda."
Akanyamaza kitambo.
Kisha akaniuliza kama nyumbani kuna kizibo cha soda.