Mengineyo

Muhtasari unasema tulianza saa mbili na nusu,
Skuli ya Shengejuu, darasa la tatu B,
siku ya nne tangu maji yachukue kuta.
Waliohudhuria: jeshi wawili, polisi mmoja,
sheha, na sisi wa msaada, vizibao vimetulowa mwilini.

Hausemi kwamba tulikalia vidawati vya watoto,
magoti ya Kapteni Nyanda yakagota ubao
hata akacheka mwenyewe,
na kicheko kile kikatufaa baadaye.

Ajenda ya kwanza, lori.
Sisi tuna mchele, blanketi, vidonge vya maji;
gurudumu la kuvuka tope la bondeni hatuna.
Analo yeye. "Chukueni," akasema,
"na askari sita wa ulinzi."
Mize Faki akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.
"Lori, ahsante. Bunduki zibaki huku.
Afande, wewe mgeni. Mwaka ule gari la rangi hii
lilipoingia, watu walilala mikokoni siku tisa.
Wakiliona tena watakimbia na njaa yao."
Nikaandika: *Suala la usalama lilijadiliwa.*

Ajenda ya pili, orodha.
Inspekta Shaame aliyataka majina, kaya kwa kaya,
"kwa kumbukumbu tu."
Mvua ikapiga bati. Sheha akawa anahesabu vidole vyake.
Mize akalifunga daftari, akalikalia,
mtu mzima, kama kuku juu ya mayai.
"Idadi nakupa: kaya mia na kumi na tatu.
Majina ni amana."
Inspekta alimtazama muda.
Mama yake mzazi ni wa kule kule bondeni;
nalo hilo halimo.
"Andika idadi," akaniambia mimi.

Saa nane lori likashuka,
dereva na utingo wake mikono mitupu,
buti wamezifunga kamba, wamezining'iniza shingoni,
na shuka la kitandani kwa Mize, jeupe, mbele ya kioo.
Walitoka watoto. Zikatoka ndoo.
Kisha wenye ndoo, mmoja mmoja, wakipimana kwa macho.

Bi Bikombo hakutoka.
Alisema nyuma ya mlango: kwanza lizimwe.
Likazimwa.
Ligeuzwe, litazame lilikotoka.
Dereva akawasha tena, akahangaika na tope
robo saa nzima, mbele, nyuma, mbele,
hata lori likaipa nyumba yake kisogo.
Ndipo akaja, na pakacha lake, bila salamu.

*Mengineyo: hakuna.*