Dubwana la Tatu kutoka Kushoto

Kaseti ina mkwaruzo dakika ya kumi na mbili.
Hapo Nahodha Pell hukatika katikati ya neno,
huwa mistari ya buluu, kisha hurudi
bila kofia.
Utoto wangu wote niliamini ndiyo hadithi yenyewe:
kwamba huko angani mtu hukatika hivyo,
na akirudi, kuna kitu chake kimebaki.

Newport, nyumbani kwa Bibi Eluned,
mtaa unaopanda kilima kwa kujivuta.
Krismasi ya mvua, theluji hakuna.
Bata mzinga keshaliwa, Mjomba Gethin
kalegeza mkanda na anaapa hajalala.
"Weka ile," husema Bibi.
Hasemi ipi.

Kila mtu ana pake.
Mabli hupenda theluji inapoanguka ndani ya chombo:
kiyoyozi kimeharibika, wanaanga wametazama juu, vinywa wazi.
Ukikaza macho ni manyoya ya mto,
na moja humwingia mhandisi puani
akapiga chafya ambayo hakuna aliyeiandika.
Iestyn hungojea sayari igeuke, uzi umeremete.
"Uzi!" hupiga kelele, kama aliyeona nyota ya jaha.
Mjomba ni pale roboti Kopo anapoandaa meza:
mabaharia saba, sahani tisa.
"Hizo mbili za nani?" Nahodha huuliza.
"Za waliokuwepo mwaka jana," husema Kopo.
"Sikuambiwa niwafute."
Mjomba hukohoa, hutafuta miwani
aliyoivaa.

Mimi ni dakika ya arobaini na moja.
Mlango wa chuma, yaani mbao iliyopakwa rangi,
hufunguka; madubwana matano huingia
na mapezi yao, na macho yao ya balbu,
kukiteka chombo usiku wa sikukuu.
La kwanza hunguruma. La pili hunguruma.
La tatu kutoka kushoto
huinua mguu polepole
likajikuna kifundo.

"Ndiye!"
Bibi yetu, mshonaji wa mavazi,
aliyesukumwa ndani ya lile gozi la sponji
kwa sababu kijana wa kazi hiyo alizimia kwa joto.
Paundi nane na mkate wa jibini.
"Gundi ile iliwasha, nyie," husema,
na mguu wake huinuka kidogo pale kitini.

Kisha mtoto wa mpishi huyapa madubwana chungwa.
Kwa nini chungwa, sijui, na vita huisha.
La tatu hulipokea, hulizungusha,
halina mdomo wa kulia,
hulikumbatia tu, kwa vidole vitatu vya mpira
nilivyovijua: ndivyo vilivyonifunga skafu
kwa nguvu hadi nikashindwa kugeuza shingo.

Mwaka huu kituo kimerusha nakala iliyosafishwa.
Uzi wameufuta. Iestyn kanyamaza.
Mkwaruzo wameuziba, Nahodha anamaliza neno lake:
"betri."
Miaka yote hiyo, betri.
Na ili picha ienee kwenye televisheni pana
wameikata chini.
Dakika ya arobaini na moja
dubwana la tatu linainama kidogo,
kama mtu aliyedhani ameitwa.
Kifundo hakimo.

Hatukusema kitu. Kiti chake kilijaa makoti yetu.
Mjomba, ambaye hakuwa amelala,
aliinua mguu wake wenye soksi mbovu
akajikuna, krukru, bila kumwangalia mtu.

Ndipo Mabli akasema, "Rudisha. Hapo. Simamisha."
Picha ilikuwa safi kupita kiasi.
Chini ya balbu ya kushoto, pale sponji ilipopasuka,
tundu dogo ambalo kaseti haikuwahi kutuonyesha,
na ndani yake jicho
la kahawia, limechoka, limejaa jasho,
linatafuta kamera iko wapi.

Linapepesa.
Tukarudisha tena.