Shubiri Tu

"Mmepaka lini huu ukuta?" aliuliza Fundi Mwinchumu wa Keko,
akikaza macho juu ya kitanda cha jirani.
"Njano hii ya embe bivu haifai hospitali."
Nikageuka. Ukuta ulikuwa mweupe,
mweupe wa Temeke, wenye alama za mabega
ya wote waliowahi kuuegemea wakisubiri.

Kidonge kilikuwa kiganjani mwangu, kidogo kama choroko.
Dijoksini. Kabla hakijatoka, sheria ni moja:
shika mkono, hesabu dakika nzima,
usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili
eti zamu imekuelemea.
Nilihesabu. Feni ilikwaruza. Nje, malori yakishuka bandarini.
Arobaini na nane.
Chini ya sitini hakitolewi. Nikakirudisha kwenye kikopo.

"Unatumia nini kingine, baba?"
"Hizi zenu tu. Nikuongopee nipate nini?"

Hakuongopa. Swali ndilo lililokosea mlango.
Nikavuta stuli. "Na cha nyumbani?
Cha kusafisha tumbo, cha kuamsha mwili?"
"Aa, hicho!" Akacheka, midomo mikavu.
"Hicho si dawa, sista. Ni shubiri tu.
Tangu mliponiruhusu, kila alfajiri, nusu kikombe.
Siwema binti yangu hunikorogea.
Tumbo linakuwa jepesi kama maranda."

Shubiri tu.
Mama yangu alijipaka chuchuni aniachishe ziwa;
niliionja kabla sijalijua jina langu.
Simcheki anayeitegemea.
Hata kidonge hiki, ukifuata ukoo wake,
babu yake ni jani, huko ng'ambo,
lililoponya na kuua kabla ya kutiwa mizani.

Lakini tumbo likiendeshwa, chumvi hutoka na maji,
ile potasiamu inayoushika moyo kwenye mdundo;
na kidonge cha mkojo kinaichota kwa upande wa pili.
Moyo ukiishiwa
dijoksini inaukaba, ileile, kipimo kilekile,
na macho yanaanza kuona embe ukutani.

Nilimpigia Daktari Luhanga. Damu ikaenda maabara.
Saa saba usiku jibu likarudi: mbili nukta sita.
Dripu ikatundikwa, ikidondoka bila haraka,
na mashine ya moyo ikaazimwa wodi ya pili,
ikaja ikichechemea, gurudumu moja halipo.

Ndipo nikafungua faili lake la mwezi uliopita.
Fomu ya kuruhusiwa. Wino wa buluu, mwandiko ulionyooka.
*Dawa nyingine anazotumia: Hapana.*
Saini yangu.
Nikaikumbuka siku ile: foleni, mtoto analia, nimesimama,
kalamu imekwisha andika "Ha"
kabla hajafunua mdomo.

Asubuhi Siwema alikuja na chupa ndani ya kikapu,
maji meusi, kizibo kimefungwa kwa nailoni.
"Nimemtilia baba sumu?"
"Hapana. Vitu viwili hivi hatukuvitambulisha.
Vilikutana gizani."
Nikamwambia: mizizi, unga wa mlonge,
tangawizi iliyochemshwa, chochote,
kilete na chupa yake nikione, nikinuse.
Sitagomba.
Akanitazama kama fundi anayepima neno langu
kwa rula ya baba yake.

Karatasi ya dawa haina safu ya shubiri.
Nikaandika pembeni, kwa wima, kando ya tundu la faili:
*shubiri, nusu kikombe, alfajiri. Imesitishwa.*

Siku ya nne nilimkuta Fundi ameketi, miguu inaning'inia,
mapigo sabini na mbili (dakika nzima, nilihesabu),
anaukagua ukuta kwa jicho moja kama ubao uliopinda.
"Sista," akasema,
"kumbe ukuta wenu mchafu hivi!"