Ukuta wa Nazibrola

Nazibrola amenipigia simu alfajiri:
"Malkhazi, ukuta wako umeota ndevu."
Wako, anasema. Juzi ulikuwa wake.

Nimepanda basi la Batumi, mvua ikinifuata
kama mdai.

Ndio huo, nyuma ya ngazi:
tofali la saruji, na juu ya kijivu chake unga mweupe,
kana kwamba mpishi wa hachapuri
amejifutia viganja hapo, akaenda zake.

Jirani Tsiuri keshatoa hukumu: kuvu.
Amesugua kwa sabuni, akamwaga ndoo tatu;
kulipokauka
weupe ukarudi na ndugu zake.

Nimetoa kichupa cha siki. Tone moja.
Unga ukachemka, ukanong'ona, ukanyamaza.
Kuvu haichemki, Tsiuri.
Hii ni chokaa iliyolala ndani ya saruji tangu kiangazi;
maji yameiamsha, yameibeba mgongoni
kwenye vijia ambavyo jicho halivioni,
na walipofika nje maji yakaruka na upepo,
mzigo yakauacha mlangoni.

Kisha nikagusa pembeni, nikalamba kidole.
Chumvi.
Chokaa haina ladha hiyo.

Hapo nikaukumbuka mchanga mweusi wa Ureki,
magunia kumi na manne, bei ya kutupa,
na mwanangu alikuwa anaoa Jumamosi ile.
Niliusuuza mara moja nikasema yatosha.
Maji ya kuchanganyia niliyapima kwa jicho.
Na chini, kati ya msingi na tofali la kwanza,
palipotakiwa utando wa lami,
niliweka ahadi.

"Itatoka?"
Itatoka, Nazibrola, ila si kwa maji.
Tungoje siku tatu kavu (amecheka: Batumi, siku tatu!),
brashi ngumu, unga uangukie gazetini
usije ukarudi ardhini ukanywewa upya.
Mfereji wa paa unaoutapikia ukuta, tuugeuze.
Udongo uliourundikia waridi lako, tuushushe.
Na usipake rangi. Rangi juu ya chumvi
ni hina juu ya kidonda.
Theluji ikiisha milimani nitakuja
kuukata mstari wa chini, shubiri kwa shubiri,
niingize lami. Pesa ni yangu.

Hakujibu. Ameleta chai,
ameuliza vijiko vingapi vya sukari.
Sikuweza kumwambia:
ulimi wangu bado uko ukutani.